Kariakoo Kona kwa Kona: Shajara ya Kamera, Karatasi na Pima Maji

Kabla ya kuanza

Nataka kuipita Kariakoo ya Dar es Salaam kwa miguu, kipande kwa kipande, mpaka iishe. Kipande kwangu ni toka kona moja hadi kona inayofuata. Mipaka nimejichorea mwenyewe na haifuati kata: Msimbazi upande mmoja, Lumumba upande wa pili, Uhuru chini, na juu nimeishia pale karatasi ilipoishia. Ramani kubwa nimechapisha stesheneri kwa Sh 12,000, nikakaa nayo sakafuni na kalamu nyekundu nikihesabu. Vipande 146.

Ninachokitafuta ni nyumba za Kiswahili zilizobaki katikati ya maghorofa: zile za ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma, baraza mbele. Mama yangu alizaliwa katika mojawapo, Mtaa wa Mafia. Iliuzwa, ikawa ghorofa. Picha pekee ya nyumba hiyo tuliyonayo ni ya harusi, na waalikwa wameiziba nyumba yote, limebaki pembe moja la bati.

Vifaa: kamera ya mtumba na lenzi yake ya 18-55, Sh 480,000. Simu ya kurekodi njia niliyopita. Mdogo wangu wa kiume, kazi yake kuangalia mgongo wangu wakati jicho langu liko kwenye kamera, na kulalamika njaa.

Jumamosi, 4 Januari 2025. Vipande 9, vyote vimetupwa

Nilianza Mtaa wa Congo saa nne asubuhi. Anayeijua Congo ameshacheka.

Nimerudi na picha 212. Ukiondoa miamvuli, migongo ya watu, midoli iliyovalishwa magauni na mkokoteni mmoja ulionikosa kidogo, hakuna kitu. Ukuta wa nyumba hauonekani hata kwa mita moja, kwa sababu mbele ya nyumba kuna fremu za maduka, mbele ya fremu kuna meza, mbele ya meza kuna machinga, na mbele ya machinga kuna mimi nazuia biashara.

Winga mmoja, dalali wa mtaani, alinifuata kona mbili nzima. "Dada unatafuta nini, nikuletee hapahapa?" Nikamwambia natafuta nyumba za zamani. "Za kupanga au za kununua?" Nilipojibu za kupiga picha aliniangalia kama nimemtania.

Kibaya zaidi ni kwamba nilipofika kona ya tatu habari zangu zilikuwa zimeshanitangulia. Wenye fremu wawili walishusha mageti nusu. Kosa ni langu: mtu mwenye kamera na ramani, anaandika kwenye daftari, anasoma mabango ya maduka, Kariakoo hawezi kuwa mwingine ila TRA, watu wa kodi. Hapa ndipo wafanyabiashara walipofunga maduka Mei 2023 kwa sababu ya kodi na namna inavyodaiwa, wakafunga tena Juni 2024. Niliingia na daftari kana kwamba hayo hayajatokea.

Jumapili, 12 Januari. Vipande 11

Jumapili alfajiri ni mji mwingine. Nimepanda basi la mwendokasi Magomeni Mapipa, nimeshuka Msimbazi Polisi, saa kumi na mbili na robo niko kazini. Mageti yamefungwa, meza zimefunikwa maturubai, wanaofagia ndio wenye mtaa. Mwanga ni mdogo lakini umetulia, hauna kile kivuli kikali cha saa nne kinachoukata mtaa vipande viwili.

Nimejifunza pia kuzitambua. Usiangalie mbele ya nyumba, utadanganyika. Baraza ilishavunjwa zamani, sebule ya mbele imekuwa fremu tatu zenye vigae na taa, mtu anapita miaka kumi asijue kuwa yuko mbele ya nyumba ya Kiswahili. Angalia juu. Ukiona bati lenye kutu limetokeza nyuma ya bango jipya, mgongo wake mmoja mrefu unaelekea uani, hiyo ni yenyewe. Kisha tafuta mlango mwembamba kati ya fremu. Huo ndio ukumbi, na ukichungulia utaona ndoo, jiko la mkaa, kamba ya nguo, na mwanga wa uani mwisho kabisa.

Jumapili, 19 Januari. Saa sita zilizopotea

Leo sikutembea, nimekaa na kompyuta nikitafuta kwa nini picha hazikubali kukaa kwenye ramani.

Utaratibu ni rahisi: simu inarekodi njia, kamera inaandika saa kwenye kila picha, halafu programu inalinganisha saa na kuiweka picha mahali pake. Yangu ilizikataa zote. Nimehangaika mpaka adhuhuri ndipo nikaona kitu cha kuchekesha. Picha ya kwanza ya wiki iliyopita, niliyopiga jua linachomoza, kamera imeandika saa 00:17, yaani usiku wa manane.

Nilipoinunua kamera, kuweka saa nilifanya kwa kichwa. Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi, nikaandika 1:10. Simu ilikuwa inasema 7:10. Kamera yangu inahesabu saa kama bibi yangu.

Bahati ni kwamba kosa la namna hii linalingana kwa picha zote, saa sita kamili. Programu ya bure ya ExifTool inazisogeza kwa mkupuo: *exiftool "-AllDates+=6" folda*. Fanya kwenye nakala, si kwenye picha halisi. Tangu sasa picha ya kwanza ya kila asubuhi ni ya kioo cha simu kikionyesha saa, hata kamera ikikosea nijue imekosea kwa kiasi gani.

Nilidhani nimemaliza. Picha zimekaa kwenye ramani, ila nusu ziko mtaa usio wake. Nilikuwa Congo, mstari wa simu unaniweka mtaa wa pili yake, unavuka ghorofa katikati, unarudi. Mitaa ni myembamba na majengo ni marefu, mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta kabla ya kufika kwenye simu. Hili halirekebishiki kwa programu. Dawa niliyoipata ni ya kizamani: karatasi ya kona. Kila nikianza kipande, mdogo wangu anashika karatasi niliyoandika kwa kalamu nene, "Sikukuu, toka Narung'ombe", naipiga picha, ndipo naendelea. Picha zote zinazofuata ni za kipande hicho mpaka karatasi nyingine itokee. Inakula sekunde tano na haijanidanganya hata mara moja.

Jumanne, 28 Januari. Barua

Nimekwenda serikali ya mtaa. Swali la kwanza lilikuwa mfadhili ni nani. Barua ya utambulisho nimeipata siku ya pili, bila malipo. Atakayefuata nyayo hizi aandike kwenye maombi yake vile ambavyo hatapiga: nyuso za watu, ndani ya maduka, bidhaa, risiti. Sentensi hiyo ndiyo iliyosomwa kwa sauti mara mbili, na ndiyo ninayoionyesha mtaani kabla ya kitu kingine.

Jumapili, 9 Februari. Vipande 38. "Mbona limelala?"

Leo nimepata somo ambalo sikulilipia, ila nimelitokea jasho.

Kona nisiyoitaja, ghorofa sita, na ubavuni mwake nyumba ndogo ya bati ambayo ndiyo niliyokuwa naitaka. Mwenye ghorofa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki getini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nione ulichopiga."

Nikamwonyesha kioo cha kamera. Akakaa kimya, akavaa miwani, akaniangalia mimi, akaliangalia jengo, akarudi kwenye kioo.

"Binti, hili jengo langu mbona limelala?"

"Ni lenzi tu, mzee."

"Lenzi." Akaweka kikombe chini. "Novemba watu wamekufa hapo, hatua chache tu, na wewe unanieleza habari za lenzi. Hii picha ikifika kwa watu, nani atapanga humu?"

Alikuwa na haki. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa la Mchikichi na Congo liliporomoka watu wakiwa ndani, na siku nyingi zilipita waokoaji wakichimba kifusi. Baada ya hapo Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mimi nikaja na picha inayoonyesha ghorofa linarudi nyuma kama mlevi anayeegemea ukuta.

Kilichotokea ni hiki. Mtaa ni mwembamba, jengo ni refu, halienei. Nikainua kamera juu ili lienee. Ukiinua kamera, uso wake hauko tena sambamba na ukuta, kwa hiyo sehemu ya juu ya jengo inatoka ndogo kuliko ya chini, na kuta mbili ambazo kweli zimesimama wima zinaanza kusogeleana kuelekea juu. Kadiri unavyoinua ndivyo linavyolala. Lenzi ikifunguliwa hadi 18, upana wake wote, na wewe uko karibu, ndiyo balaa kabisa.

Maneno hayo sikumwambia, nilimpa kamera. Nikamwomba aielekeze kwenye nondo za geti lake, aishike sawa, halafu ainue taratibu. Akafanya. Akashusha, akainua tena. "Alaa!" Akamwita kijana wake atoke ndani, naye akafanya. Wakafanya kwa nguzo ya umeme, wakafanya kwa mdogo wangu. Mwisho akasema jambo ambalo ndilo limekuwa kanuni yangu: "Kumbe unashika kama fundi na pima maji."

Basi ndivyo ninavyoshika. Mdogo wangu ameomba kwa fundi mmoja kile kichupa kidogo cha pima maji mbovu, chenye kiputo cha hewa ndani, tumekigandisha kwa gundi juu ya kamera. Kiputo kikiwa katikati ndipo nabonyeza. Kamera naisimamisha kwa urefu, nasimama kwenye baraza au ngazi ya upande wa pili, siinui kitu. Nusu ya chini ya picha inakuwa lami tupu, hiyo naikata baadaye nyumbani. Ghorofa refu likizidi, juu linakatika, na mimi sina ugomvi nalo, nyumba yangu iko chini. Pale ambapo lazima lionekane lote, naomba kupanda ngazi za jengo la mbele hadi ghorofa ya pili au ya tatu na kupiga sawa toka huko.

Gharama ya somo: vipande 17 vya kurudia.

Jumapili, 9 Machi. Vipande 61. Kadi ya uongo

Ramadhani, na asubuhi hizi ndizo tulivu kuliko zote. Nilipiga vizuri. Nilivaa fulana ya kijani, rangi ya Yanga, nikapita nayo mbele ya klabu ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, siku moja baada ya mechi ya watani kuahirishwa. Niliyoambiwa hayaandikiki. Vaa nyeupe.

Hasara ya kweli ilikuwa nyumbani. Kadi niliyoinunua kwa Sh 12,000, imeandikwa 64GB, ilifungua picha za mwanzo vizuri na zilizobaki zote zikawa na mistari ya kijivu. Kadi za namna hii ndani zina nafasi ndogo, labda ya 8GB, ila zimefundishwa kuiambia kamera kuwa ni kubwa. Kamera inaandika, inaandika, kumbe inajaza hewa, na wewe hujui mpaka ufike kwenye kompyuta. Kipimo kipo cha bure: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux. Kinaijaza kadi yote kisha kinaisoma upya. Kinachosha kusubiri, lakini kadi mpya ya Sh 30,000 haikugusa kamera kabla ya kupita hapo.

Vipande 8 vimerudi kwenye orodha.

Jumapili, 13 Aprili. Vipande 94. Mitaa yenye majina mawili

Mvua imenikuta katikati ya kazi. Kamera iliingia kwenye mfuko wa nailoni, sisi tukaingia kwenye baraza, mojawapo ya chache zilizobaki kuwa baraza, ambapo wazee wanne walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Hiyo mvua ndiyo iliyonipa kazi ya mwezi mzima.

Nilikuwa na picha nilizochapa, Sh 500 moja, nikawaomba wanisaidie kuzitambua. Mzee wa kwanza akaishika ya juu.

"Hii Kichwele."

Nikamwambia hapana mzee, hii Uhuru, mimi mwenyewe nimeipiga. Wote wanne wakacheka kwa pamoja. Kichwele ndiyo Uhuru. Lumumba kwao ni New Street. Na aliyetaka kunieleza TANU ilizaliwa wapi tarehe 7 Julai 1954 hakutaja Lumumba hata mara moja. Kleist Sykes ni Kipata. Hawakuwa wanabishana na kibao, kibao hawakiangalii. Wanakwenda kwa jina lililokuwepo walipotumwa chumvi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wiki mbili nyuma nilizunguka nusu saa nikitafuta "nyumba ya mlango wa kuchonga, Kipata" niliyoelekezwa na bibi mmoja. Nilikuwa nimeipita mara tatu. Ilikuwa kwenye orodha yangu kwa jina jingine.

Na kuna jina la tatu. Vijana wa dukani hawasemi la kibao wala la wazee, wanasema la bidhaa. Mwambie bodaboda Mtaa wa Aggrey, anakuuliza, "Kwenye simu?" Jina lenyewe la mahali lilianza hivyohivyo, kwa watu kutamka walichosikia: Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita ya Kwanza waliokusanywa hapa, wakatuachia Kariakoo. Nairobi wamebaki na Kariokor yao, ya wapagazi walewale.

Kwa hiyo daftari limebadilika. Safu tatu kwa kila kipande: jina la kibao, jina la wazee, jina la biashara. Faili la picha linabeba mawili ya kwanza, mfano *uhuru-kichwele-07-kushoto*. Nimerudi nyuma kubadilisha majina ya picha zaidi ya 700, jioni nne. Kama unaanza leo, anza hivyo.

Jambo moja baya la siku hiyo: karatasi ya kona ililowa. Wino ukatambaa, na kwenye picha herufi zimekuwa ukungu wa bluu. Tumia penseli ya rangi, au karatasi iliyotiwa nailoni.

Jumapili, 25 Mei. Vipande 121. Soko

Soko sikutaka kuligusa, limeshapigwa na kila mtu. Lakini vipande vinne vinalizunguka, ikabidi. Kwa chini huoni maana yake. Kwa ruhusa ya mlinzi tulipanda ngazi za ghorofa la jirani, na huko ndipo paa linapokuonyesha akili ya Beda Amuli, msanifu wake: miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, kila mmoja umesimama kwa mguu wake. Lilifunguliwa 1975, likaungua usiku wa Julai 10, 2021. Bi mkubwa mmoja anayeuza vitumbua alinionyesha kwa kidole mahali alipokuwa na meza yake usiku ule, kisha akaniuliza kama nanunua au naendelea kuuliza. Nikanunua sita.

Kiputo cha pima maji kilikauka hapa juani. Tumepata kingine.

Jumapili, 15 Juni. Vipande 123 kati ya 146

Safari 14 hadi leo. Hesabu: kamera 480,000, kadi ya uongo 12,000, kadi ya kweli 30,000, ramani 12,000, nauli ya watu wawili 42,000, chai na chapati 56,000, ambazo sehemu kubwa zimeingia kwenye tumbo moja, picha 60 za kuchapa, 30,000. Jumla Sh 662,000. Ukiwa na simu nzuri unaweza kuiondoa kamera kwenye orodha. Karatasi, barua na picha za kuchapa usiziondoe.

Nyumba za Kiswahili nilizozihakiki, kwa maana ya kuona bati na kuona ukumbi, ni 52 kwenye vipande nilivyomaliza. Tatu kati ya hizo zimezungushiwa mabati tangu nilipozipiga. Yule mzee wa ghorofa sita ametuma ujumbe kupitia kijana wake: anaitaka ile picha iliyonyooka, kubwa, ya kuweka ofisini.

Vimebaki vipande 23, vingi upande wa Lumumba, na picha moja isiyo na kwao. Ni ya siku ya mvua, ile ambayo karatasi yake imefutika. Mlango mwekundu, ngazi mbili za saruji, ya chini imemegeka pembeni, na juu ya kizingiti mtu ameandika 14 kwa rangi ya chokaa. Nimewapelekea wazee wa drafti: wawili wanasema Pemba, mmoja anasema Tandamti, wa nne anasema nyumba hiyo ilishavunjwa. Bi mkubwa wa vitumbua anasema Narung'ombe, na kwamba anamjua aliyeandika hiyo 14. Jumapili ijayo saa kumi na mbili na robo tunaanza Narung'ombe, picha mkononi.